Shimo la Wageni kwenye Miksa ya Kanisa

Ulikuwa ule mwaka tuliokula ndengu. Ukitaka kujua ni upi, muulize mtu yeyote wa Siakago ni lini alianza kuchukia ndengu, atakuambia bila kufikiri. Mvua ilinyesha kama inatafuta sifa, mashamba yakajaa, na wale wanunuzi wenye malori ambao kila mwaka huamka kabla ya jogoo kuja kutudanganya, mwaka huo hawakuonekana. Labda walipotea njia. Basi tukazila wenyewe. Ndengu na chapati, ndengu na muthokoi, yale mahindi ya kukoboa, ndengu na ndengu. Mchungaji alipokuja kwangu na kumwomba Mungu abariki chakula kilichoko mezani, wengine wetu tulinyamaza pale kwenye amina.

Na huo ndio mwaka mume wangu alitaka kuoa. Msishtuke. Mume wangu wa kwanza amelala nyuma ya boma miaka mingi sasa. Huyu ninayesema ni mjukuu, kifungua mimba wa kijana wangu, aliyepewa jina la babu yake kama tunavyopeana majina huku kwetu. Tangu azaliwe namwita mume wangu, naye ananiita mke wake mkubwa. Nilimpikia, nikamfulia, nikamchapa, yote ambayo mke mwema hufanya. Halafu akapata msichana wa Kiirua, kule Meru kwenye baridi na viazi, bila hata kuniuliza. Wanaume ni wale wale.

Kwetu, mkienda kumtafuta bibi arusi hampigi hodi. Wamama wa upande wa kijana wanasimama nje ya lango wanaimba. Wamama wa upande wa msichana wako ndani, lango limefungwa, nao wanajibu kwa kuimba vile vile, wanawatukana kwa adabu. Nyimbo zikiwatosha, wanafungua. Mkiingia mnakuta wasichana wamepangwa mstari, wamefunikwa leso toka kichwani hadi miguuni, na mnaimba mpaka kijana atambue wake ni yupi. Anayeongoza haya yote toka mwanzo hadi mwisho ni nyanya wa kijana, yule mke mkubwa, kwa sababu ni yeye anayeletewa mke mwenza, na ana haki ya kwenda kumwona uso. Hata watoto wa watu ambao nyanya zao hawapo nimewaongozea malango mengi. Na sauti yangu, sijisifu, naeleza tu, mtu akiwa ng'ambo ya bonde inamfikia ikiwa bado moto.

Shida ilikuwa ni wale wa kuniitikia. Mmoja alishikwa na magoti. Mwingine alihamia Nairobi kumlelea binti yake watoto, na alivyoenda hakurudi. Wengine tumewazika. Waliobaki walikuwa wakiitikia kama watu waliokatazwa kumwamsha mtoto.

Hapo ndipo akaja mjukuu wangu msichana, dada ya huyo mume wangu. Huyu ana jina langu, kwa hivyo ni mimi, tofauti ni kwamba yeye alisoma mpaka chuo kikuu, ndiyo maana hana kazi. Alikuwa akisema anafanya muziki Nairobi. Tulidhani ni kuimba. Akashuka na boksi la mbao, upana kama kreti mbili za soda, na uso wake wote ni vifundo vya kuzungusha na mashimo, na waya za kila rangi zinatoka shimo hili zinaingia lile, kama matumbo ya mbuzi ambayo mtu alianza kuosha akapigiwa simu.

Baba yake alilizunguka. Akauliza, "Hii ndiyo ile karo yangu?"

"Ni sinthesaiza, baba. Inatengeneza sauti kwa stima. Kila kipande kina kazi yake, na wewe ndiye unaviunganisha na waya vile unataka."

"Na ukishaviunganisha?"

"Vinalia."

"Hata ng'ombe wangu analia. Na anatoa maziwa."

Mimi nilimwita jikoni. Nikamuuliza boksi linafanya nini ambacho mtu wa akili anaweza kutumia. Akasema, "Shosho, wewe ukiimba mstari, hili linaushika, linaufanya mnene, linakurudishia neno kwa neno. Utasikia kama una wamama ishirini nyuma yako."

"Linakula?"

"Hapana."

"Basi tayari limewashinda."

Hivyo tukakubaliana. Kijana wangu naye, ambaye haamini spika za watu wa Meru, hata hajawahi kuzisikia, akaenda kuazima vyombo vya kanisa. Kanisa letu huazimisha washiriki, lakini miksa, ile meza ya vifundo inayochanganya sauti, haitoki bila shemasi anayeilinda. Na hapo lazima nieleze, kwa sababu mambo yote yaliharibikia kwenye hiyo miksa.

Miksa yetu si ya kuchezewa. Zamani kila mtu aliyepita aliigusa. Jumapili hii kwaya inanong'ona, Jumapili ijayo mchungaji anatoboa watu masikio. Kamati ikakaa, ikaomba, ikaweka kila kifundo mahali pake na kukizungushia selotepu. Kila shimo la kuingiza waya likapewa mwenyewe. Kuna shimo la mchungaji. Kuna shimo la kwaya. Kuna shimo la wamama, na kifundo chake kimefungwa chini kabisa, kwa sababu kamati, ambayo ni wanaume watupu, iliona kwamba wamama wana kelele. Halafu kuna shimo la wageni. Hilo liliachwa juu kabisa, kwa sababu mgeni akisimamishwa kusalimia huona haya na kuongea na tai yake.

Siku ya mazoezi tulikutana kanisani: mimi, kijana wangu, mjukuu na boksi lake, wale waitikiaji wangu waliobaki, na wifi yangu, dada ya marehemu mzee, ambaye hakuna aliyemwita. Shemasi alilitazama boksi kama anayetazama mlevi mlangoni.

"Hiki ni nini?"

"Ni chombo cha muziki, shemasi," mjukuu akasema.

"Ni cha kanisa?"

"Hapana."

"Basi ni mgeni. Kitaingia kwa shimo la wageni."

"Lakini hapo kifundo kiko juu sana, shemasi. Niruhusu nipunguze, hata kidogo tu."

"Kupunguza ni kazi ya kamati. Tuma ombi. Wanakaa mwezi ujao."

Kwenda Kiirua ilikuwa Jumamosi hiyo hiyo.

Kwa hivyo sauti yangu ikaingia shimo la wamama, ikatoka kwenye miksa kwa waya ikaingia kwa boksi, na boksi likarudishwa kwa miksa kupitia shimo la wageni, ndiyo sasa liende kwa spika. Mjukuu alinieleza hivyo na kidole, hapa, hapa, hapa. Nikasema sawa. Nikavuta pumzi nikaimba.

Nje kikatoka kifaranga chini ya beseni. Kiko mbali, kinalia peke yake, na juu yake kuna mvumo, sss, kama sufuria inayotaka kuchemka. Boksi halikurudisha chochote. Ni kama halikusikia mtu.

Wifi yangu akatingisha kichwa polepole, ule mtingisho wa matanga. "Pole, mama. Imeisha."

Mjukuu akainama, akazungusha kitu kwenye boksi. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Sasa spika zikakohoa, zikapasuka, zikakwaruza kama mtu anaburuta mabati barabarani. Taa nyekundu ikawaka kwenye miksa ikakataa kuzima. Popo wakatoka kwenye dari, popo ambao mahubiri ya miaka yote hayajawahi kuwatoa. Kijana wangu akaziba masikio.

"Sasa imepasuka," wifi akasema, na sikuona huzuni hata tone.

Nataka mwelewe vizuri. Kabla chai haijaletwa, sauti yangu ilikuwa imekufa kwa udogo, ikafufuka, ikapasuka kwa ukubwa. Hakuna aliyeona ajabu. Hakuna aliyeangalia selotepu. Boksi ni la chuo kikuu, miksa imepangwa kwa maombi, kwa hivyo kilichobaki kuharibika ni mwanamke mzee.

Jioni kijana wangu akaita watu wa nyumbani. Tulikunywa chai, na kulikuwa na ndengu. Akakohoa kidogo, akaanza, "Mama, sisi tunakuheshimu sana."

Mtu akianza namna hiyo, shika mkoba wako.

"Tumeonelea," akasema, "umri nao umefika. Tutakuwekea kiti kizuri kule Kiirua, na blanketi. Shangazi ataongoza. Na kama ni lazima uimbe, uimbe ukiwa umekaa, upunguze sauti, usije ukaumia koo mbele ya wakwe."

Wifi aliangalia kikombe chake kama ndani mna kitu kipya. Huyo, niwaambie ukweli, akiimba unamwonea huruma, unatafuta maji umpe. Sasa huyo ndiye asimame langoni aseme ni mke mkubwa wa mume wangu, niliyemfulia nepi, mimi nikiwa nimefunikwa blanketi kama mgonjwa wa malaria?

Nikaweka kikombe chini.

"Mimi sikai, na sauti sipunguzi."

Kijana wangu ananijua, mimi ndiye nilimzaa. Akasugua uso, akasema, "Haya. Utaanza wewe. Lakini ikipasuka tena mbele ya watu, maiki anashika shangazi, na hapo hakuna maneno." Wifi akakubali haraka sana, hata hakuombwa.

Baadaye mjukuu akaja jikoni. Nilikuwa nachagua mawe kwenye ndengu, kazi ambayo mwaka huo haikuwa na mwisho.

"Shosho, koo lako halina shida."

"Nani amesema lina shida?"

"Watu wote."

"Nimeuliza nani, sijauliza wangapi."

Akacheka, akakaa kwenye kigoda. "Ni makosa yangu. Nilikuja na boksi nikafikiri litaelewana tu na hiyo miksa. Haviongei kwa nguvu moja. Miksa inatoa stima kidogo, volti moja hivi, na kwako haifiki hata hiyo, maana wamama wamefungwa chini. Boksi langu limezoea tano, hata zaidi. Ukiliongelesha kwa chini ya hapo linaona hakuna mtu. Halafu nikalizibua masikio yote, likasikia, likajibu kwa zile tano zake. Nasi tukazimwaga kwenye shimo linalongojea mgeni wa kunong'ona."

"Na selotepu?"

"Shemasi amesema afadhali afe."

Nikafikiri. Shule niliiacha darasa la tatu, volti sijui zinafanana vipi, lakini watu wa namna hiyo nawajua. Baba yangu alichunga ng'ombe kule chini karibu na Kiambere, kabla ya lile bwawa, na alikuwa akimwongelesha kila mtu kama yuko ng'ambo ya mto Tana. Akikuomba chumvi, ndege wanaruka. Watu wa kwa mama yangu walikuwa wapole, wanaongea kama wako karibu na maiti. Wakikutana, hawa hawasikiki, yule anawaumiza. Ikabidi shangazi yangu akae katikati. Neno likitoka kwa wajomba analipandisha hadi kwa baba, neno la baba analishusha kabla ya kuwafikia wajomba. Bila huyo shangazi, mimi nisingezaliwa.

Nilipomwambia hivyo mjukuu alipiga paja. "Ndiyo hiyo, Shosho! Tunahitaji shangazi wawili. Mmoja wa kupandisha ukienda, mmoja wa kushusha ukirudi. Miksa ya kanisa ikae na selotepu yake."

Kipande cha kupandisha alikuwa nacho humo ndani ya boksi. Hakuwa amekitumia kwa sababu Nairobi miksa ni yake, anaizungusha mwenyewe. Cha kushusha hakuwa nacho. Akatazama huku na huku, macho yakatua kwa redio ya marehemu mzee, iliyo juu ya kabati, iliyonyamaza hata kabla yake.

"Naweza kuchukua kile kifundo cha sauti, Shosho?"

"Chukua. Ndicho kitu pekee alichokigusa ndani ya nyumba hii akiwa hai."

Akaifungua mezani pangu, akatoa kile kifundo, akakiunga na waya zake kwa chuma cha moto cha kulehemu, nyumba ikanuka risasi iliyoyeyuka. Akakifunga ndani ya kopo dogo la majani chai. Nikamuuliza kama itafanya kazi. Akasema inafaa ifanye. Kanisa lilikuwa limefungwa na shemasi alikuwa amesema mazoezi yameisha, kwa hivyo hatukuijaribu. Nililala na hilo neno, inafaa.

Kiirua ni baridi ya kijinga. Sisi watu wa Siakago tulishuka na masweta mawili mawili, meno yanapigana, na watoto wa huko wanacheza bila viatu wanatuangalia. Vyombo viliwekwa nyuma ya pikapu mbele ya lango, stima tukavutiwa kutoka dukani. Lango lilikuwa la chuma, jeusi, limefungwa, na kwenye upenyo wa chini unaona viatu vya wamama wengi sana. Wifi alisimama karibu yangu. Alikuwa amekunywa maji ya moto na asali, nilimwona.

Shemasi akashika maiki akasema, "Haloo, haloo, moja mbili."

"Hapana, shemasi," mjukuu akamwambia. "Hatupimi na haloo. Shosho, imba ile ya juu kabisa, ile unamalizia nayo. Tukipima na kubwa, ndogo zote zitaenea."

Nikaimba ile ya juu kabisa, mstari mmoja. Yeye mkono mmoja uko kwa boksi, wa pili uko kwa kopo la majani chai. Anapandisha huku, anashusha kule, jicho halitoki kwa taa za miksa. Kijani. Kijani. Njano moja ikapepesa. Nyekundu ikabaki imelala. Na kwenye spika nikajisikia, mimi mwenyewe, na nyuma yangu nikajisikia tena, mnene, kama wale wote tuliowazika wamekuja na hawana magoti.

Shemasi aliinama kukagua selotepu. Haikuwa imeguswa. Nafikiri alisikitika.

Wamama wa ndani wakaanza. Kimeru chao na Kimbeere chetu tunasikizana nusu, na hiyo nusu ni matusi. Waliimba wakiuliza ni akina nani hawa wanatuletea vumbi, mbona wanatetemeka, kwani kwao jua liliwamaliza nguvu? Nikawajibu kwamba ni mimi, mke mkubwa, nimesikia mume wangu ameficha msichana huku kwenye viazi, nimekuja kuona kama anaweza kubeba mtungi. Boksi likachukua mstari, likaurudisha: kama anaweza kubeba mtungi. Waitikiaji wangu walishtuka, halafu na wao wakapata nguvu, wakaingilia.

Ndani wakanong'onezana. Kisha mmoja akaacha kuimba, akauliza kwa mdomo mtupu, "Nyinyi mko wangapi huko?"

"Wewe unasikia wangapi?"

"Tulipikia watu wa gari moja!"

"Basi ongeza maji."

Lango likafunguliwa kidogo, likatoka jicho, likatoka kichwa. Kikatazama kulia, kikatazama kushoto. Kikaona wazee wachache wamevaa masweta, na msichana mwenye matumbo ya mbuzi ya rangi rangi.

"Wengine wako wapi?"

"Wako kwa boksi," nikamwambia. "Na hawali."

Yule mama alicheka mpaka akashika lango, na akilishika lango likafunguka.

Tukaingia, waya wa maiki ulikuwa mrefu, nikauburuta kama mkia. Wasichana walikuwa wamepangwa kwenye nyasi, wamefunikwa leso, wanacheka chini kwa chini. Mume wangu alikuwa amesimama hapo, jasho linamtoka kwenye ile baridi. Mmoja wa hao waliofunikwa alikuwa mke mwenza wangu, na sikuwa nimemwona uso bado.

Nikaanza mstari wa kwanza wa kumtafuta, na kabla sijaumaliza nikaona kiti. Kiti cheupe cha plastiki, kimetandikwa blanketi, kinakuja kati ya watu, na nyuma ya kiti ni kijana wangu. Nyuma ya kijana wangu ni wifi, amenyoosha mkono, vidole tayari vina umbo la maiki.

"Mama, umeweza," kijana wangu akasema kwa sauti ya chini, anatabasamu kwa ajili ya wakwe. "Wote wamesikia. Imetosha. Kaa sasa, upunguze sauti, shangazi amalizie."

Sauti haikuwa imepasuka. Hilo ndilo lilikuwa sharti, na alilisema yeye mwenyewe na mdomo wa chai. Lakini kiti kilikuwa kimeshatoka nyumbani, na mtu akishabeba kiti mbali hivyo anataka mtu akikalie.

Niligeuka nikamtafuta mjukuu. Alikuwa kwenye pikapu, mkono juu ya kifundo cha babu yake. Alituona. Akatoa mkono kwenye kifundo bila kukishusha, akauweka mfukoni.

Maiki sikuwa nimeitoa mdomoni. Nikamwangalia kijana wangu, nikamwangalia wifi, nikaangalia kile kiti, na nikasema vile nilivyosema nyumbani, lakini sasa Kiirua nzima ilikuwa ikisikiliza, mpaka kwenye mashamba ya viazi.

"Mimi sikai, na sauti sipunguzi."

Na boksi, ambalo halikufundishwa kuheshimu watoto wa watu, likaushika mstari huo, likaunenepesha, likaurudisha kutoka kila spika kama wamama ishirini:

"Mimi sikai, na sauti sipunguzi."